Usiku mmoja Makoko, nyumbani kwa bibi wasiyemjua

Bunda hadi Musoma si safari ya kumtoa mtu jasho. Unapanda gari asubuhi, unapita Kiabakari, unafika Makutano ambako njia moja inakwenda Tarime na Sirari na nyingine inaingia Musoma, na kabla ya saa sita mchana umeshashuka stendi ya Bweri. Hiyo ni kama gari halijaharibika.

Gari alilopanda mama mmoja wa Bunda, Januari, akimpeleka mwanawe wa kwanza kuanza kidato cha kwanza, lilipasuka tairi njiani. Tairi la akiba nalo halikuwa na upepo. Abiria walishuka, wakajibanza chini ya mti, wakakaa hapo kwa saa nyingi wakimsubiri utingo aliyekwenda kutafuta fundi. Joto lilikuwa kali. Mama yule alitoa bahasha ya kaki kwenye mkoba wake, akawa anajipepea.

Walipofika Bweri, jua lilikuwa limeshaanza kushuka. Walikodi bodaboda mbili. Moja ilibeba tranka la bluu, godoro lililofungwa kamba, ndoo, fagio la chelewa na jembe lisilo na mpini. Nyingine ilimbeba mama na mtoto. Safari ikaendelea kuelekea Makoko.

Mtaa unaoishi na ziwa

Makoko ni kata ya Manispaa ya Musoma, kilomita chache tu kutoka katikati ya mji, ukingoni mwa Ziwa Victoria. Ni mahali ambapo mji haujamaliza kuwa mji na kijiji hakijakubali kuondoka. Kuna nyumba za bati zenye uzio na mageti, na hatua chache mbele kuna mitumbwi iliyopinduliwa mchangani. Kuna mawe makubwa ya aina ile inayojulikana kote Musoma, yaliyokaa juu ya mengine kana kwamba yamepangwa na mtu. Jioni, jua linapolala juu ya maji, mtaa mzima unapata rangi ya chungwa, na harufu ya dagaa wanaoanikwa inakufikia kabla hujawaona.

Watu wa Makoko wamezoea wageni. Mapadri wa Maryknoll kutoka Marekani walifika eneo la Musoma mwaka 1946, na tangu miaka ya 1960 Makoko imekuwa na chuo cha lugha ambako wageni kutoka nchi mbalimbali wamejifunza Kiswahili kabla ya kwenda kufanya kazi sehemu nyingine za nchi na Afrika Mashariki. Ipo pia seminari, ambayo imewapokea vijana wengi waliokuja na matranka yao kutoka wilaya za mkoa wa Mara.

Kwa hiyo kizazi baada ya kizazi, mtu wa Makoko amekua akiona sura mpya barabarani. Amezoea kusalimiwa na mgeni ambaye hajui kupanga ngeli, naye huitikia taratibu, husahihisha bila kucheka sana, kisha huendelea na shughuli zake. Lugha hufundishwa darasani, lakini salamu hufundishwa na jirani.

Mama wa Bunda hakuwa akifikiria hayo yote. Alikuwa akifikiria kuwahi.

Bahasha haipo

Mlinzi wa getini hakuwa mkali, ila alikuwa na utaratibu wake. Alisema ofisi zimeshafungwa, lakini kama mama ana fomu ya kujiunga na risiti ya benki, angemwita mwalimu wa zamu ili mtoto apokelewe.

Mama akaingiza mkono kwenye mkoba. Akautoa. Akauingiza tena. Akamwaga vitu vyote chini: kitenge, chupa ya maji, kitana, biskuti zilizovunjika. Bahasha ya kaki haikuwemo.

Ndani ya bahasha kulikuwa na fomu, cheti cha daktari, nakala ya cheti cha kuzaliwa, risiti ya benki, fedha ya matumizi ya mtoto na nauli yake ya kurudi. Simu yake ilikuwa imezima chaji tangu walipokuwa chini ya mti. Mfukoni alibakiwa na chenji iliyotosha kununua maandazi, haikutosha kulala gesti.

Mlinzi alimwonea huruma, akamshauri arudi asubuhi aonane na mkuu wa shule. Bodaboda walikuwa wameshaondoka. Mtoto, miaka 13, sare mpya ikiwa bado na mistari ya kukunjwa dukani, akakaa juu ya tranka kando ya barabara na kuinamisha kichwa.

"Mama, turudi nyumbani?" aliuliza.

Mama hakuwa na jibu. Hata nauli ya kurudi hakuwa nayo.

"Mbona mtoto kakaa juu ya tranka?"

Bibi mmoja alikuwa akirudi kutoka ufukweni, beseni la dagaa kichwani, mjukuu wa kike wa miaka kama minane akimfuata nyuma. Aliwapita. Baada ya hatua tano hivi akasimama, akageuka.

"Hamjambo?"

"Shikamoo mama," alijibu mama wa Bunda.

"Marahaba mwanangu. Mbona mtoto kakaa juu ya tranka na giza linaingia? Mnamsubiri nani?"

Ilichukua muda kueleza. Bibi alisikiliza akiwa amesimama, beseni bado kichwani. Alipomaliza kusikiliza, hakusema pole nyingi. Alimtuma mjukuu nyumba ya jirani, naye akarudi na kikombe cha maji.

Hapo ndipo kilipotokea kitu ambacho kila mzazi atakielewa. Mtoto alikuwa na kiu, lakini hakukipokea kikombe. Alimtazama mama yake. Tangu akiwa chekechea alikuwa ameambiwa, na kuambiwa tena, asipokee chochote kutoka kwa mtu asiyemjua. Sasa aliyemwambia hivyo alikuwa amesimama hapo hapo, naye hakujua la kufanya.

Mama mwenyewe alikuwa na hofu. Kama wazazi wengi, alikuwa amesoma kwenye simu habari za watu waliokaribishwa wakaibiwa, na za watoto waliochukuliwa wakapotea. Bibi huyu alikuwa na uso mwema, lakini hata tapeli huwa na uso mwema.

Bibi hakukasirika. Alikichukua kikombe, akanywa fundo moja yeye mwenyewe, kisha akampa mama.

Wema uliofanywa mbele za watu

Aliyoyafanya bibi yule katika nusu saa iliyofuata yanastahili kuelezwa moja baada ya jingine.

Kwanza, hakuwaingiza ndani. Aliwakalisha barazani, mahali ambapo kila anayepita angewaona, na tranka lao likiwa mbele yao.

Pili, alimwita mjumbe wa nyumba kumi, mzee aliyekuja na kandambili miguuni na redio ndogo mkononi. Bibi akamwambia, "Nina wageni, wametoka Bunda, watalala kwangu leo. Nimetaka uwaone." Mjumbe aliwauliza majina, wanakotoka na shule anayokwenda mtoto, akaandika kwenye daftari. Kisha akamgeukia mama akamwonyesha nyumba yake kwa kidole. "Ile yenye mwembe. Ukiwa na shida usiku, piga hodi."

Tatu, alitoa simu yake ndogo ya tochi akamkabidhi mama. "Ongea na baba watoto kwanza. Mwambie uko kwa nani, na mpe namba hii."

Hapo likazuka tatizo jipya. Mama hakuikumbuka namba ya mumewe. Miaka yote alikuwa akibonyeza jina tu. Aliyeikumbuka ni mtoto. Aliitaja tarakimu zote kumi bila kusita, kwa sababu mwalimu wake wa darasa la tatu aliwahi kuwakaririsha wanafunzi namba za wazazi wao kama wanavyokariri jedwali la kuzidisha. Ilikuwa mara ya kwanza jioni ile mtoto kutabasamu.

Baba alizungumza na mkewe, akazungumza na bibi, akazungumza na mjumbe. Simu iliporudi kwa mwenyewe, giza lilikuwa limeshaingia na ugali wa muhogo uliochanganywa na mtama ulikuwa jikoni.

Walikula kwa sato wa mchuzi. Mtoto alikula kama mtu aliyekuwa safarini siku mbili. Baada ya chakula bibi aliwapa chumba chenye kitanda, akamwonyesha mama komeo la mlango. Lilikuwa la ndani. "Funga," alimwambia. "Sitabisha hodi mpaka asubuhi." Yeye na mjukuu wakatandika mkeka sebuleni. Simu ya mama iliachwa ikichaji kwenye betri ya sola.

Taa juu ya maji

Mama hakulala mapema. Alikaa kitandani, mkoba mapajani, akisikiliza. Alisikia mjukuu akikohoa, mbwa akibweka mbali, maji yakipiga mchanga. Alisubiri kitu kibaya kitokee, na hakikutokea.

Kupitia dirishani aliona taa. Zilikuwa nyingi, zimepangana mbali juu ya ziwa kama mji mwingine uliojengwa usiku ule. Ni wavuvi wa dagaa. Kazi yao hufanyika gizani: taa huwashwa juu ya maji, dagaa hufuata mwanga, na nyavu huwasubiri. Zamani taa hizo zilikuwa karabai za mafuta, siku hizi nyingi ni za sola. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi hupumzika, maana mwanga wa taa hauonekani kitu mbele ya mbalamwezi. Usiku ule hapakuwa na mwezi.

Kila taa ile ilikuwa na watu chini yake, na kila mmoja wa watu hao alikuwa na mtu nchi kavu anayemsubiri. Labda ndiyo sababu watu wa ufukweni hawashangai sana wanapomwona mtu aliyekwama. Ziwa limewafundisha kwamba yeyote anaweza kukosa kurudi kwa saa aliyosema.

Alfajiri mitumbwi ilipoanza kurudi, mama aliamka na kumkuta bibi ameshatoka. Alikuwa ufukweni akipokea dagaa. Mama alimfuata, akamsaidia kuwatandaza. Hapo, mikono ikiwa kazini, ndipo alipopata ujasiri wa kumuuliza swali lililomkosesha usingizi: kwa nini aliwasaidia?

Bibi alijibu bila kuinua kichwa. "Nina wajukuu Mwanza na Dar es Salaam. Sijui jana wamelala kwa nani."

Jibu lililokuwa ndani ya simu

Simu ilipowashwa, ujumbe ukaanza kuingia mmoja baada ya mwingine. Baba alikuwa amemtumia nauli na fedha kidogo ya matumizi ya mtoto. Mama alipokuwa akitafuta ujumbe huo, akaona mwingine wa wiki mbili nyuma ambao hakuwa ameukumbuka kabisa: benki ikithibitisha malipo ya ada, pamoja na kumbukumbu namba.

Ushahidi wa malipo ulikuwa mkononi mwake muda wote. Jana jioni, kwa hofu na uchovu, asingeweza kuufikiria hata kama simu ingekuwa na chaji. Alichohitaji hakikuwa fedha ya mtu. Kilikuwa maji, chakula, usingizi wa saa chache na mtu wa kumwambia kwamba kesho ipo.

Saa mbili asubuhi walikwenda shuleni wanne: mama, mtoto, bibi na mjumbe. Mjumbe alikuwa amepita kwa mwenyekiti wa mtaa na kupata barua fupi inayoeleza kwamba nyaraka za mtoto zimepotea safarini. Shule iliangalia ujumbe wa benki, ikasoma barua, ikamwandikisha mtoto na kumpa mama muda wa kuleta nakala nyingine. Bahasha ya kaki haikupatikana hadi leo. Inawezekana ilibaki chini ya ule mti.

Bibi alimuaga mtoto kwa mkono, kama mtu mzima. "Soma," alimwambia, basi.

Kisa kingine cha barabara hiyo

Mkoa wa Mara una kisa kingine cha mtoto na shule, na hiki kinajulikana nchi nzima. Katika miaka ya mwanzo ya 1930, huko Butiama, mtoto mmoja wa Chifu Burito wa Wazanaki alikuwa akichunga mbuzi kama wenzake. Inasimuliwa kwamba Makongoro, mtemi wa Ikizu ambayo leo iko upande wa Bunda, alimwona mtoto huyo akicheza bao, akashangazwa na akili yake. Hakuwa baba yake wala mjomba wake. Angeweza kusifu mchezo na kwenda zake. Badala yake alimshauri Burito ampeleke mtoto shule.

Mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12, mtoto huyo alianza masomo katika Shule ya Mwisenge mjini Musoma, takriban kilomita 40 kutoka Butiama. Miaka mitatu baadaye alikwenda Tabora. Mwaka 1961 aliiongoza Tanganyika kupata uhuru. Ni Mwalimu Julius Nyerere. Shule ya Mwisenge ipo hadi leo, na msafiri anayekwenda Makoko anaweza kupita kuiona, kama anavyoweza kukata njia pale Makutano akaenda Butiama kwenye makumbusho na kaburi lake.

Si kila mtoto anayekaa juu ya tranka atakuwa rais. Wala bibi wa Makoko hakumsaidia mtoto kwa kuwa alimwona ana dalili za ukubwa. Lakini visa hivi viwili vinafanana katika jambo moja. Mtu mzima alimwona mtoto asiye wake, akasimama kidogo, na kusimama huko kukabadili njia ya mtoto. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana.

Mzazi afundishe nini?

Baadhi ya wazazi watauliza: je, tuwaambie watoto wawaamini watu wasiowajua? Hapana. Mtoto wa Bunda alifanya sawasawa alipomtazama mama yake kabla ya kupokea maji. Lakini tukimfundisha mtoto hofu peke yake, siku akikwama kweli hatajua amwendee nani.

Kisa cha Makoko kinatupa kipimo kizuri. Mtu mwenye nia njema hafichi wema wake. Anakukalisha barazani, si chumba cha nyuma. Anaita jirani na kiongozi wa mtaa. Anataka uwasiliane na watu wako. Hakasiriki ukiwa na shaka, na hakuharakishi. Mwenye nia mbaya hufanya kinyume: anataka mwende haraka, mwende wawili tu, na mtu mwingine asijue. Hili mtoto wa miaka sita anaweza kulielewa akielezwa kwa maneno yake.

Yapo pia mambo madogo ya kufanya kabla ya safari ya shule. Mtoto akariri namba mbili za simu, na mzazi naye akariri walau moja. Nyaraka zitolewe nakala, na nyingine zibaki nyumbani. Picha ya fomu na risiti iwe ndani ya simu. Fedha isikae sehemu moja na karatasi. Simu ichajiwe usiku wa kuamkia safari. Na bahasha isigeuzwe pepeo.

La mwisho ni letu sisi tulio na nyumba karibu na stendi, shule au hospitali. Tutawaona watu waliokwama. Kuuliza "mnamsubiri nani?" hakugharimu kitu. Kumwita mjumbe hakugharimu kitu. Tukiogopa kutapeliwa, na sisi tunaweza kutumia kipimo kile kile cha bibi: tusaidie hadharani, mbele za watu.

Siku ya kutembelea wanafunzi

Miezi miwili baadaye, siku ya wazazi kutembelea wanafunzi, mama wa Bunda alirudi Makoko. Safari hii gari halikuharibika. Kabla ya kwenda shuleni alipita kwa bibi akiwa na karanga ndoo nzima na kitenge kipya.

Bibi alipokea kitenge. Karanga alizigawa mafungu matatu hapo hapo barazani. Moja akampeleka mjukuu kwa mjumbe, la pili kwa jirani aliyetoa kikombe cha maji siku ile, la tatu akabaki nalo. Kisha alitaka kujua habari za mtoto: ameshika nafasi ya ngapi, chakula cha shule anakiweza, bado anakumbuka namba ya baba yake?

Mama alijibu yote. Alipoinuka kuaga, bibi akamuuliza swali moja zaidi.

"Huyo ni wa kwanza. Wa pili yuko darasa la ngapi?"

"La tano, mama."

"Haya. Naye akija, msisubiri tairi lipasuke. Njooni moja kwa moja."